Tulikwenda tamasha la enzi za Mfalme Henry VIII hapa Maryland: yale tuliyoyaona, na yale ambayo sikuyatarajia

MtotoWaNgomeni (mleta uzi)

Wakuu, salaam aleikum na habari za siku nyingi. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, Mji wa Kale, na huku Maryland huu ni mwaka wa 12. Humu nimekuwa msomaji wa kimya kimya, leo nina neno.

Kila ifikapo mwisho wa Agosti naanza kuwaona barabarani. Mwanamume mzima na deraya yake ya chuma anajaza mafuta kituoni. Mama wa makamo na gauni la kuburura chini yuko foleni ya kahawa. Wote wanaelekea Crownsville, karibu na Annapolis, kwenye Maryland Renaissance Festival, tamasha lililoanza 1977, ambalo hufanyika Jumamosi na Jumapili kuanzia mwisho wa Agosti hadi Oktoba. Nilikuwa nawapita tu. Nilijiambia hiyo ni sherehe ya wenyewe, Waingereza na wafalme wao, mimi mtu wa Ngomeni inanihusu nini?

Mwaka jana kijana wangu, ana miaka 11 na anapiga tarumbeta kwenye bendi ya shule, akatung'ang'ania mpaka tukaenda. Tangu siku hiyo nyumbani kwetu hakuna mazungumzo mengine. Uzi ni mrefu, vuteni viti.

Kwanza niwaeleze ni kitu gani. Mtu anaposema tamasha la Renesansi, ile enzi ya karne ya 15 na 16 Ulaya ilipochangamka kwa sanaa na elimu, utadhani ni makumbusho. Siyo. Ni kijiji kizima ndani ya miti: vibanda vya mbao, majukwaa ya maigizo, mafundi wa ngozi na wa vioo, uwanja wa farasi. Waigizaji wamesambaa njiani na wanakusemesha kwa Kiingereza cha zamani kana kwamba na wewe umezaliwa miaka 500 iliyopita. Kijiji kina jina lake la kuigiza, Revel Grove, na kinachukuliwa kuwa kipo Uingereza wakati wa Henry VIII. Hapa ndipo penye ufundi: kila msimu hadithi inasogea mbele katika maisha ya mfalme huyo. Mfalme anabaki, malkia anabadilika, maana alioa wake sita. Jirani yangu huenda kila mwaka na anakusimulia kama mtu anayefuatilia tamthilia ya jioni.

Sasa mavazi. Langoni kuna nguo za kukodi, lakini mama watoto alikataa katakata. Akasema, "Watu wa kwetu enzi hizo walikuwa uchi? Tutavaa vyetu." Basi mimi nikavaa kanzu, joho jeusi la harusi yangu na kofia ya viua. Yeye akajifunga leso juu ya gauni refu. Nilikuwa na wasiwasi, nisiwafiche. Niliona tutakuwa kituko.

Hatujafika hata hatua 50 ndani ya lango, bwana mmoja mwenye ndevu nyekundu na kofia ya unyoya akavua kofia yake, akainama mpaka unyoya ukagusa vumbi. Akauliza kama mimi ni mfanyabiashara wa viungo kutoka Bahari ya Hindi, na kama safari ilikuwa ya salama. Sikujua nijibu nini. Kijana wangu akanitangulia: "Tumetoka Mombasa, na pepo za kaskazi zilitusaidia." Huyo bwana hakucheka, hakutoka kwenye uigizaji wake hata kidogo. Akatuuliza bei ya pembe za ndovu, akalalamika kuhusu bei ya pilipili manga London, akatuonyesha njia ya kwenda uwanjani. Dakika tano tu, lakini mwanangu alitembea kifua mbele siku nzima.

Nitaendelea na habari za farasi. Maswali yanaruhusiwa.

Kisiwani_Kilwa

Mkuu huu uzi nauwekea alama. Swali la haraka: chakula? Mimi natazama halali. Na mke wangu anavaa hijabu, hatasumbuliwa?

MtotoWaNgomeni

Mkuu, hijabu si tatizo kabisa. Wanawake wa Kiingereza wa enzi hizo nao walijifunika vichwa, kwa hiyo pale dada mwenye mtandio anaonekana amevaa sawasawa kuliko yule wa suruali ya jinzi. Hakuna aliyemuuliza mama watoto swali la kukera.

Chakula maarufu ni paja la bata mzinga, kubwa kama mkono wa mtu, linaliwa kwa mikono huku unatembea. Sisi hatukulila kwa sababu hiyo hiyo uliyoitaja. Tulikula samaki, viazi vya kukaanga na mahindi. Nikashangaa baadaye nilipofikiri: bata mzinga asili yake ni Amerika, alifika Uingereza katika karne hiyo hiyo ya 16. Mahindi na viazi pia vilitoka Amerika. Na sisi mahindi na muhogo vilitufikia pwani kwa njia ya Wareno. Yaani ugali wetu na lile paja la bata mzinga ni matunda ya safari za enzi moja. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la mbao na gunzi mkononi, nikamweleza binti yangu jambo hilo, akaacha kutafuna akanitazama.

BintiLubumbashi

Kaka, asante kwa uzi. Mimi niko Houston. Huku kwetu kuna Texas Renaissance Festival, iko Todd Mission, kaskazini magharibi ya jiji, tangu 1974. Wanasema ndilo kubwa kuliko yote Marekani na mimi naamini, kwa siku moja huwezi kulimaliza. Linaanza Oktoba mpaka mwisho wa Novemba. Mwanzilishi wake, George Coulam, ndiye pia aliyekuwa meya wa mji huo mdogo kwa miaka mingi. Kila wikendi ina jambo lake, kuna wikendi ya maharamia, kuna ya Krismasi. Watu wanalala pale pale kwenye mahema.

Nilienda na wadada watatu wa kanisa letu tukiwa tumevaa vitenge vya Kongo, vile vya kushonwa na mikono mipana. Tulipigwa picha mpaka tukachoka. Lakini ushauri wangu mkubwa ni viatu. Usiende na viatu vya kupendeza. Mimi nilirudi nimevishika mkononi, miguu imevimba, na nguo nzuri yote ikawa na vumbi mpaka magotini.

MtotoWaNgomeni

Dada, umesema kweli tupu. Kanzu nyeupe ilikuwa kosa langu kubwa, ilirudi rangi ya chai ya maziwa. Mwaka huu navaa ile ya kahawia.

Turudi kwenye farasi. Uwanja ni mrefu, katikati kuna uzio wa mbao, mashujaa wawili wanatoka ncha mbili, kila mmoja upande wake wa uzio, na mkuki mrefu umekazwa kwapani. Kwenye televisheni huoni uzito wake. Pale unausikia kifuani. Farasi mkubwa akianza kukimbia, benchi ulilokalia linatetema. Halafu unakuja mlio wa mbao kupasuka kwenye ngao, na vipande vinaruka juu kuliko vichwa vya wapanda farasi. Umati wote unapiga kelele ya "huzza!", ndiyo vigelegele vyao. Mama watoto yeye akapiga cha kwetu, kile kirefu cha harusini, na safu nzima ya mbele ikageuka. Bibi mmoja mzee akamwomba amfundishe. Walikaa pale wanajifunza kupiga kigelegele mpaka raundi ya pili.

Mchezo ulipoisha shujaa mmoja alipita ukingoni akampa mwanangu kipande cha mkuki uliovunjika. Urefu wa kalamu ya wino, upande mmoja una rangi nyekundu, upande mwingine ni mbao nyeupe iliyochanika nyuzi nyuzi, bado inanukia utomvu. Kiko juu ya kitanda chake hadi leo.

Jambo ambalo wengi hawalijui: Maryland mchezo huu wa mikuki ndio mchezo rasmi wa jimbo tangu 1962. Ila ule wa vijijini hawapigani. Mpanda farasi anakwenda mbio na kutunga pete ndogo zilizoning'inizwa kwa ncha ya mkuki, na pete zinazidi kuwa ndogo mpaka mwisho zina upana wa robo inchi tu. Kwetu Lamu tuna mashindano ya punda wakati wa Maulidi, kwa hiyo ladha ya kumtazama mtu na mnyama wake wakiwa kitu kimoja tunaijua.

Sasa naja kwenye kilichonifanya nifungue uzi.

Kabla ya mikuki walitoka wapiga tarumbeta. Kijana wangu alisimama juu ya benchi. Walipomaliza akaketi, akanong'ona, "Baba, enzi zile kulikuwa na mtu mweusi anapiga tarumbeta kwa mfalme, au mimi ningekuwa mgeni tu?"

Wakuu, sikuwa na jibu. Ningeweza kumwambia hapana nikaendelea kula mahindi. Nilimwambia tutatafuta.

Usiku ule, watoto wamelala, tukatafuta. Na tukamkuta.

Jina lake John Blanke. Alikuwa mtu mweusi, mpiga tarumbeta katika baraza la Henry VII na baada yake huyu huyu Henry VIII. Malipo yake ya kwanza yanayojulikana yameandikwa Desemba 1507: shilingi 20 kwa mwezi wa Novemba, kwa kiwango cha peni 8 kwa siku. Fanya hesabu, siku 30 mara 8 ni peni 240, na kwa kuwa shilingi moja ilikuwa peni 12, ndiyo shilingi 20 za wakati huo kamili. Mfalme mpya alipokuja, John Blanke aliandika maombi ya kuongezewa mshahara, alipwe peni 16 kwa siku sawa na mwenzake aliyefariki, na akakubaliwa. Alipooa, Januari 1512, mfalme aliagiza apewe zawadi ya joho la rangi ya zambarau na kofia.

Na sura yake ipo! Februari 1511 Henry alifanya mashindano makubwa ya mikuki Westminster kusherehekea kuzaliwa kwa mtoto wake wa kiume kwa Malkia Catherine wa Aragon. Sherehe hiyo ilichorwa kwenye mchoro wa ngozi wenye urefu wa karibu mita 18, unaohifadhiwa hadi leo College of Arms, taasisi ya nembo za koo, London. John Blanke amechorwa mara mbili, juu ya farasi pamoja na wapiga tarumbeta wenzake. Wenzake wote vichwa wazi. Yeye peke yake ana kilemba.

Mtoto aliyesherehekewa alifariki mwezi huo huo wa Februari. Mpiga tarumbeta wake amebaki kwenye ngozi miaka 500.

Asubuhi nilimwamsha kijana nikamwonyesha picha kwenye simu. Hakusema kitu. Akaishika simu, akaikuza ile picha kwa vidole mpaka midomo ya John Blanke ikajaa kioo chote, akatazama jinsi alivyoibana kwenye tarumbeta. Akaniambia, "Anapiga vizuri. Mashavu hayajavimba." Kuvimbisha mashavu ndicho mwalimu wake wa bendi anachomgombezea kila wiki.

Mzee_wa_Chumbageni

Mleta uzi nakuheshimu, umeandika vizuri. Lakini niruhusu nikupinge kama mzee. Hizo ndizo enzi walizokuja kutuchoma. Kilwa ilivamiwa, Mombasa ikateketezwa. Leo tuvae nguo tukawapigie vigelegele? Mjukuu wangu akiniomba nimpeleke, nitamwambia nini?

MtotoWaNgomeni

Shikamoo mzee wangu. Swali lako nililibeba kabla hujaniuliza, na sitalipita juu juu.

Ni kweli. Mwaka 1505 Wareno chini ya Francisco de Almeida waliivamia Kilwa, kisha wakaichoma Mombasa. Waingereza nao, John Hawkins alianza safari zake za kuwanunua na kuwateka watu Afrika Magharibi mwaka 1562, enzi ya Elizabeth, binti wa huyo huyo Henry. Tamasha haliigizi hayo, linaigiza furaha ya kijiji. Ndiyo maana siku ile ile jioni, kabla ya kurudi nyumbani, nilipita na watoto Annapolis gatini, hapo karibu tu, penye sanamu ya Alex Haley, mwandishi wa kitabu cha Roots, akiwasimulia watoto, kumbukumbu ya Kunta Kinte, yule Mwafrika wa kitabu hicho aliyeuzwa utumwani, na wote walioshushwa bandari ile. Tuliketi pale na mavazi yetu ya tamasha, vumbi na yote, nikawaeleza. Kesho yake, alipoiona ile picha, binti yangu aliuliza kama John Blanke naye alikuja vile. Nikamwambia alikuwa analipwa mshahara na aliomba nyongeza, hao wa meli hata wangeomba wasingepewa chochote. Nadhani alielewa tofauti.

Lakini mzee, kuna hili jingine. Mimi nimekulia kivulini mwa Ngome, yaani Fort Jesus ya Mombasa. Tulicheza mpira chini ya kuta zake, shuleni tulipelekwa kutazama mizinga. Ngome ile ilianza kujengwa 1593, na aliyeichora ni Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati, kwa kufuata fikra zile zile za Renesansi kwamba jengo lifuate vipimo vya mwili wa binadamu. Na aliyeamuru ijengwe ni Mfalme Philip II wa Hispania, ambaye wakati huo alitawala Ureno pia. Sasa sikiliza: Philip huyo mwaka 1554 alimwoa Mary, Malkia wa Uingereza. Mary ni binti wa nani? Wa Henry VIII na Catherine wa Aragon. Yaani yule mfalme mnene ninayemwona anapunga mkono pale Crownsville, mkwewe ndiye aliyeagiza kuta nilizochezea utotoni. Nimeishi miaka yote nikidhani hiyo ni historia ya watu wengine!

Na tazama vinywani mwetu. Meza, bendera, leso, karata, mvinyo, gereza: yote tulipokea kwa Wareno enzi hizo na baada yake. Leso aliyojifunga mama watoto, kitambaa chenyewe ni mtindo wa karne ya 19, lakini jina ni lile la vitambaa vya mkononi vya Kireno. Siku ile mwigizaji mmoja, mama aliyekuwa anauza riboni, alishika pindo la leso akauliza maandishi yanasemaje. Yalikuwa "Mgeni njoo, mwenyeji apone". Mama watoto akamtafsiria. Yule mama akanyamaza kidogo, akaacha Kiingereza chake cha kuigiza, akasema kwa sauti yake ya kawaida kwamba atalikumbuka. Ndiye pekee siku nzima niliyemwona anatoka kwenye uigizaji.

Kwa hiyo mjukuu mpeleke, mzee. Mwambie yote mawili, la kuchomwa na la tarumbeta. Akienda bila kuambiwa, ataona wafalme wa watu. Akienda ameambiwa, atawatafuta wa kwake.

Mzee_wa_Chumbageni

Marahaba mwanangu. Hilo la Philip na Mary sikulijua. Nimelinakili kwenye daftari. Huyo mpiga tarumbeta nitamwonyesha mjukuu leo jioni.

Kisiwani_Kilwa

Mkuu tumekuelewa. Sasa tupe ya mwisho mwisho, mtu anajipangaje? Sisi tuko Virginia, watu sita, watoto wanne.

MtotoWaNgomeni

Tiketi ni za tarehe maalumu, nunua mtandaoni mapema, usiende ukitegemea lango. Malango hufunguliwa saa nne asubuhi. Mtoke nyumbani mkiwa na muda wa ziada, barabara za kule ni nyembamba na magari ni mengi. Mkienda Agosti jua ni kali kama la Machi kwetu, bebeni kofia na mkumbushe watoto kunywa maji. Oktoba ni nzuri zaidi lakini watu hujaa. Watoto wakinunua panga za mbao, wafundishe zibaki kiunoni. Na kwenye uwanja wa mikuki fikeni nusu saa kabla, la sivyo mtasimama nyuma na watoto hawataona kitu. Chagua shujaa wenu mapema, kila upande wa uwanja una wake, na raha ya mchezo ni kushangilia kwa dhati.

Msikimbilie kuona kila jukwaa. Sisi tulikosa nusu ya maonyesho kwa sababu tulikaa zaidi ya saa nzima kwa fundi wa vioo, na sijuti. Binti yangu alitaka kuona tone la moto linageuka farasi mdogo mwenye miguu minne, na tulisubiri mpaka mguu wa nne ukatoka.

BintiLubumbashi

Kaka, na kijana wa tarumbeta mwaka huu atavaa nini?

MtotoWaNgomeni

Dada, hilo ndilo linaloendelea sebuleni kwangu ninapoandika. Ameukataa mtindo wa mwaka jana. Ametaka kilemba kama cha kwenye mchoro, kahawia na njano, na amekipima kichwani mara nne kwa kutumia taulo la bafuni. Mama yake amepata kitambaa cha kahawia, cha njano anakifuata kesho. Bibi yake Mombasa tulimpigia video jana usiku, ndiye anayemwelekeza namna ya kukifunga kisimwanguke akiinua tarumbeta, maana babu yake alikuwa akivaa kilemba cha namna hiyo kwenye maulidi.

Tarumbeta yenyewe ni ya shule, lakini mwalimu amemruhusu kwenda nayo. Tunaondoka Jumamosi saa mbili asubuhi. Nitaleta mrejesho.